Intaneti Iliyopita Sokoni kwa Miguu

Juzi nilimpelekea fundi kompyuta yangu iliyogoma kuwaka. Mezani kwake, kati ya nyaya na bisibisi, kulikuwa na kioo kimoja cha kompyuta, cha vile vya zamani vyenye kisogo kikubwa kama debe. Mtu alikuwa amekileta akiomba kifufuliwe. Fundi akakichomeka, kikakoroma, na vumbi lililolala ndani yake miaka yote hiyo likaanza kupata moto. Harufu ikapanda: vumbi la moto, plastiki ya moto, na kitu kingine kama nywele zinazokaribia kuungua. Fundi akaniangalia usoni.

"Dada, unaumwa?"

Nikamwambia siumwi. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimesharudi Sumbawanga, niko darasa la tano, miguu imepauka kwa vumbi la kiangazi, na nyuma yangu sokoni watu wanashangilia.

Nyinyi wa rika langu mnaikumbuka miaka ile. Vitu tulivyovisikia kwa majina tu vilianza kuonekana kwa macho: sabuni za rangi, viatu vya plastiki, mitumba kwa marobota. Ghala la ushirika ambako baba zetu walizoea kupeleka mahindi lilibaki la popo, na wanunuzi binafsi wakawa wanakuja na malori yao mpaka kijijini kwetu Mollo, nyumba kwa nyumba. Kila ukienda mjini ulikuta duka jipya. Basi siku moja, karibu na soko, likatokea bango la mbao lililoandikwa kwa rangi nyekundu: INTANETI.

Hakuna aliyejua ni nini. Jirani yetu mmoja alisema ni dawa ya mbu. Wengine walisema ni chombo cha kumwona mwizi wa ng'ombe wako hata kama ameshavuka mpaka. Wengine walishusha sauti na kusema ukiingia mle, ukitoka kivuli chako kinabaki. Mwenye duka, Bwana Deo, alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa mahindi, kijana mcheshi aliyerudi kutoka Mbeya na kompyuta chache na jenereta moja. Watu walimsalimia mlangoni kwa adabu zote, wakauliza habari za wazazi wake, kisha wakapita. Ndani hakuingia mtu.

Bwana Deo akaona akikaa kimya atafunga. Akazunguka kwenye shule, za mjini na za pembeni kama yetu, akawaambia walimu: Jumamosi ya ufunguzi, leteni watoto waje kuwaeleza watu, mbele ya duka langu, kitu hiki ni nini na kilianzaje. Shule itakayofanya watu waelewe, wanafunzi wake watakuja kujifunza kwangu kila Jumamosi, bure, muhula mzima.

Mwalimu wetu wa darasa la tano aliitwa Gaudensia. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kwaya, na baiskeli ya kiume aliyoiendesha kanga ikiwa imefungwa barabara kiunoni. Alipotuletea habari ile, mtoto mmoja aliuliza, "Mwalimu, intaneti ni nini?"

Akafikiri kidogo. "Sijui," akasema. "Nitakwenda kuuliza."

Tulitazamana. Hatukuwahi kumsikia mwalimu akisema hajui. Kesho yake alasiri alipanda baiskeli yake na kushika njia ya mjini, upepo wa Ufipa ukimrudisha nyuma, na kwa siku kadhaa alifanya hivyo hivyo, anakwenda kukaa na Bwana Deo na kumhoji kama polisi. Kisha asubuhi moja aliingia darasani bila chaki, akaegemea meza.

"Zamani," alianza, kama anayetaka kutusimulia habari za sungura na fisi, "kompyuta zilikuwa kubwa kama darasa hili. Moja ilikaa chuo hiki, nyingine chuo kile, mbali mbali, huko Marekani. Kila moja ilikuwa na akili zake, lakini hazikujuana. Ukitaka kuitumia ile ya mbali, ilibidi usafiri uifuate. Watu wakachoka kusafiri. Wakasema, hivi mashine hizi haziwezi kuzungumza zenyewe, kwa waya kama wa simu?"

Hata wale wa nyuma waliokuwa wakitafuna mahindi ya kuchoma walisimamisha taya.

"Siku ya kuzijaribu, kijana mmoja akakaa kwenye mashine ya kwanza. Mwenzake akakaa kwenye ya pili, mbali kuliko hapa na Mbeya. Wameshika na simu masikioni ili waulizane. Wa kwanza alitaka kuandika neno la Kizungu lenye maana ya ingia. Akabonyeza L. Akauliza kwenye simu, 'Umeipata L?' Mwenzake akasema, 'Nimeipata.' Akabonyeza O. 'Umeipata O?' 'Nimeipata.' Akabonyeza herufi ya tatu." Mwalimu akapiga kofi moja kali. "Mashine ikazima! Basi neno la kwanza kabisa kupita kwenye intaneti duniani lilikuwa herufi mbili tu. L na O."

Aliandika ubaoni kwa kidole, bila chaki, lakini mimi niliona kama imeandikwa kwa moto. *Lo.*

Mwalimu aliendelea kueleza kwamba lilikuwa neno la Kizungu lililokatika njiani, na kwamba waliitengeneza mashine neno likapita lote. Sikuwa nikisikia tena. Mimi nilikuwa nimeelewa kitu ambacho mwalimu mwenyewe, kwa maoni yangu, hakukielewa. Mashine ilikuwa imelala kimya tangu kuumbwa kwake, mara ikaguswa na mwenzake kutoka mbali. Wewe ukiguswa ghafla unasemaje? Si unasema, "Lo!" Ilishtuka! Na ilishtuka kwa Kiswahili. Wazungu waliitengeneza, lakini ilipofumbua mdomo ikasema lugha yetu. Nilitembea na siri hiyo kifuani kama mtu aliyemeza kaa la moto.

Na hilo halikuwa kosa langu pekee. Mwalimu alisema pia kwamba kwa Kiswahili safi intaneti inaitwa mtandao, kwa sababu nyaya zake zimetanda kama utando wa buibui. Nilirudi nyumbani nikamkuta bibi jikoni na ufagio, anafagia utando wa buibui kwenye kona iliyojaa masizi. Nilimshika mkono.

"Bibi, acha! Watu wanaongea humo."

Bibi alinitazama, akautazama ule utando, akanitazama tena. "Wakimaliza kuongea," alisema kwa Kifipa, "waambie wahame. Chungu changu kimejaa miguu yao."

Sehemu ya pili ya somo ndiyo iliyoleta matatizo. Mwalimu alisema ujumbe kwenye intaneti hausafiri mzima. Unakatwa vipande, kila kipande kinapewa namba yake, kisha kila kimoja kinatafuta njia. Njia moja ikifungwa, kipande kinazunguka na kupita kwingine. Vikifika, vinajipanga kwa namba na ujumbe unakuwa mzima kama ulivyotoka. Ili tuelewe, alitugeuza sisi wenyewe kuwa vipande. Kila mtoto alipewa neno moja la kubeba kichwani, na namba yake, tukatawanyika kutoka shuleni mpaka kwenye mkaratusi mkubwa ng'ambo ya mashamba, kila mtu kwa njia yake.

Njia fupi kuliko zote ilipita kwenye boma la Mzee Shija.

Mzee Shija alikuwa Msukuma aliyehamia Mollo na familia yake na ng'ombe wengi. Mwaka uliotangulia ng'ombe hao waliingia kwenye ulezi wetu ukiwa umekaribia kuvunwa, na walipotoka shamba lilikuwa kama mahali palipochezewa ngoma. Wazee wa kijiji walikaa, maneno yakasemwa, fidia ikatolewa. Lakini baba hakumsalimia tena Mzee Shija. Wakikutana njiani, baba aliangalia milima.

Binti wa Mzee Shija, Nkwimba, alikuwa darasani kwangu. Alijua kupiga mluzi ambao ng'ombe aliye upande wa pili wa bonde aliusikia akageuka. Tulipocheza mchezo wa mwalimu yeye alishinda kila mara, kwa sababu aliujua uwanda ule kama anavyojua kiganja chake, na mimi nilijifunza kumfuata. Mama yake alitupatia maziwa mgando tukipita. Wiki hiyo nilikunywa maziwa mengi kuliko niliyokuwa nimekunywa maisha yangu yote.

Kwa siku ya ufunguzi mwalimu alituchagua sisi wawili. Mimi nisimulie hadithi ya mwanzo, kwa sababu nilikuwa na mdomo. Nkwimba aongoze wabeba maneno, kwa sababu alikuwa na miguu. Nilimweleza baba jioni tukila.

"Na nani?" aliuliza.

"Na Nkwimba, baba."

Aliacha tonge hewani. "Wa yule?"

Mama aliinamia bakuli la maharage.

"Hakuna wengine shuleni?" baba alisema. "Shule nzima imebaki na mtoto wa yule tu?"

"Ndiye anayejua njia, baba."

"Njia anazijua, ndiyo. Hata ya kwenye ulezi wangu aliijua." Alikula tonge lake, akalitafuna muda mrefu. Baba hakuwa mtu mkorofi. Alikuwa mtu aliyelima kwa mikono yake shamba likaliwa kwa usiku mmoja. Mwishowe alisema, "Utakwenda. Mwalimu ameshahangaika. Lakini usisimame naye. Wewe simama kwako, yeye asimame kwake. Nami siku hiyo nitakuwa sokoni na magunia, nitaona."

Jumamosi ilifika na baridi ya kukata masikio. Tulikwenda mjini kwa lori, juu ya magunia ya mahindi, tumejifunika kanga za mama zetu, mwalimu akituimbisha ili meno yasigongane. Mbele ya duka la Bwana Deo watu walikuwa wamejaa: wachuuzi, wabeba mizigo, mafundi baiskeli, wanakwaya waliopitia tu, wote wakitaka kuona watoto watasema nini. Kwenye mlango uliofunguliwa nilikiona kioo kimoja kinang'aa kibuluu, na harufu ile ya vumbi la moto ikanijia kwa mara ya kwanza.

Shule moja ya mjini ilitangulia. Walikuwa na soksi nyeupe na walikuwa na ngonjera, na sitasema uongo, walikuwa wazuri sana. Waliimba kwa sauti tatu. Watu walipiga makofi. Kisha Bwana Deo akatangaza, "Mollo!"

Nilisimama juu ya kreti la soda. Pembeni, mbali kidogo kama baba alivyoagiza, alisimama Nkwimba na wabeba maneno wenzake. Baba nilimwona nyuma, mrefu, ameegemea magunia yake kwenye upenyo kati ya vibanda viwili.

Nilianza. Nilisema kulikuwa na mashine kubwa kama madarasa, ambazo hazikujuana. Niliwaona watu wakisogea. Nilisema habari za vijana wawili na simu zao. Nikabonyeza L hewani kwa kidole, nikauliza, "Umeipata L?" Na bila kuambiwa na mtu, mama mmoja muuza dagaa akaitikia, "Nimeipata!" Nikabonyeza O. "Umeipata O?" Soko zima likajibu, "Tumeipata!" Nikabonyeza herufi ya tatu, nikapiga kofi, nikatumbua macho, nikatoa sauti kama bibi anapokanyaga chura gizani:

"LO! Ndivyo mashine ilivyosema! Na tangu siku hiyo ikajulikana kwamba intaneti ilizaliwa inajua Kiswahili!"

Kicheko kilichotoka pale kiliruka mpaka kwenye mabati. Watu walishikana mabega. Mzee mmoja aliyevaa koti la kijeshi alipiga fimbo chini akisema, "Kumbe ni yetu! Kumbe ni yetu hii!"

Mimi nilidhani wananicheka. Sikuwa nimesema kichekesho, nilikuwa nimesema ukweli wangu mkubwa. Maneno yote yaliyobaki yakanitoka kichwani yakaenda nisikokujua. Nikasimama juu ya kreti mdomo wazi, macho yakianza kujaa maji. Ndipo nikahisi mkono mkavu, wenye ngozi ngumu ya kukamua ng'ombe, umeshika wangu. Nkwimba alikuwa amekuja. Alipanda kwenye kreti moja nami, likalia chini ya uzito wetu, akasema kwa sauti ya kuita ng'ombe, "Sasa tupeni ujumbe! Ujumbe wowote! Tuupeleke!"

Sikuthubutu kuangalia nyuma kwenye magunia.

Mama mmoja wa samaki, aliyefika asubuhi ile kutoka Kabwe, ziwani, alinyoosha mkono. "Semeni hivi: migebuka ya Kabwe imefika, njooni sokoni."

Watu wakacheka tena. Mwalimu Gaudensia akaukata ujumbe pale pale, akamnong'oneza kila mbeba neno neno lake na namba yake. La tano, *njooni*, likawa la Nkwimba. Mimi nilipelekwa upande wa pili wa soko, kwenye meza ya fundi cherehani, kuupokea. Mwalimu akapaza sauti: kila kipande kitapita njia yake, na njia ikifungwa kitatafuta nyingine.

"Na sisi tukizifunga zote?" aliuliza mbeba mizigo mmoja.

"Jaribuni," alisema mwalimu.

Wallahi, walijaribu. Watu wazima, wenye watoto wao, walitanua mikono kwenye vichochoro vya soko kama magolikipa. Waliweka matenga ya nyanya. Walisukuma mikokoteni. Wenzangu walipita chini ya meza, wakaruka mafungu ya vitunguu, wakarudi na kuzunguka nyuma ya machinjio. Wa kwanza alinifikia akihema: "Mimi ni wa kwanza! Migebuka!" Akaja wa tatu kabla ya wa pili, nikawapanga. Akaja wa sita na kamasi usoni: "Sokoni!" Akaja wa nne: "Imefika!" Soko likawa linahesabu pamoja nami. Palibaki pengo moja katikati ya mstari.

La tano halikuja. Nilipanda kwenye kiti cha fundi cherehani nikamtafuta. Walikuwa wamemzingira. Wamejua kwamba yeye ndiye hodari, wakamfungia kila upande, wanacheka, wanapiga makofi, naye anazunguka katikati yao kama ndama. Njia ilibaki moja tu, ule upenyo kati ya vibanda viwili, na kwenye upenyo ule, mbele ya magunia, alisimama baba.

Nkwimba alimwendea. Alinisimulia baadaye walivyosemezana. Alisimama mbele yake, akapiga goti kama anavyofanya mtoto wa Kisukuma aliyefunzwa.

"Shikamoo, baba."

Baba hakuwa ametarajia. "Marahaba."

"Nimefungiwa. Mimi ni wa tano. Neno ni *njooni*. Tafadhali nipelekee."

Kutoka kwenye kiti nilimwona baba akiangalia milima. Kisha nikamwona anamwangalia yule mtoto. Kisha akafunga vifungo vya koti lake, kama mtu anayeingia kanisani, akaanza kutembea. Watu walimwachia njia. Waliona mtu mzima mrefu, wakadhani anakwenda zake. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye mstari wa watoto waliochafuka vumbi, akasimama kwenye pengo, kati ya wa nne na wa sita, kichwa kikiwa juu yao kama mnara.

"Mimi," alisema baba, akasafisha koo, "mimi ni wa tano. Njooni!"

Nilianza kuusoma ujumbe kwa sauti, na sikuumaliza peke yangu. Tuliumaliza soko zima: migebuka ya Kabwe imefika, njooni sokoni! Kilichofuata sikukisikia vizuri, maana kelele ilikuwa kubwa na mtu alikuwa amenibeba mabegani. Yule mama wa Kabwe alikuwa anapiga vigelegele na wateja tayari wamemzonga. Wale wa soksi nyeupe walikuwa wanaruka pamoja nasi. Mzee wa koti la kijeshi alikuwa wa kwanza kuingia kwa Bwana Deo, na nyuma yake watu walijipanga mpaka nje. Bwana Deo hakuuliza mtu yeyote nani ameshinda. Alitukimbilia, akatuvuta mimi na Nkwimba kwa mikono mpaka mbele ya kioo, akatuketisha kwenye kiti kimoja. Mashine ikapiga simu yake, ikalia na kukwaruza na kupiga miluzi.

"Inaita wenzake," alisema Nkwimba, ambaye alijua mambo ya kuita.

Mwalimu Gaudensia alisimama nyuma yetu, vumbi la baiskeli bado kwenye pindo la kanga. Aliniinamia sikioni. "Ile *Lo*, mwanangu, ni Kizungu kilichokatika. Nilisema darasani."

"Ndiyo, mwalimu," nilijibu, bila kuamini hata kidogo. Alicheka mpaka akafuta macho.

Jua lilipoanza kuinama tulitoka mjini. Gari lililotuleta lilikuwa limeshaondoka na mzigo mwingine, tukaanza kutembea, watoto wote wa Mollo na baba mbele. Tulipofika kwenye mteremko tukasikia magurudumu. Mzee Shija alikuwa anarudi kutoka kuuza maziwa, na mkokoteni wake wa ng'ombe ulikuwa mtupu. Alisimamisha ng'ombe. Alimtazama binti yake, akatutazama sisi, akamtazama baba.

"Wanasema huko sokoni," alisema polepole, kwa Kiswahili chake kizito chenye lafudhi ya Kisukuma, "kwamba leo umembebea binti yangu mzigo."

"Ulikuwa mwepesi," alisema baba.

Ng'ombe walipumua. Mzee Shija akasogea kwenye kiti chake cha ubao, ikabaki nafasi ya mtu mmoja pembeni yake. Baba alipanda. Sisi tukarukia nyuma, tukabanana, na mkokoteni ukaanza kuvutwa. Mbele yetu, migongo miwili iliyumba pamoja mpaka tulipouacha mteremko. Kisha nikasikia baba anauliza kama ng'ombe hawa hawawezi kupitishwa upande wa juu, kwenye mawe, ambako hakulimwi, na Mzee Shija anajibu kwamba juu kunapitika, ila kunahitaji kukatwa vichaka, na baba anasema panga analo.

Tuliimba njia nzima. Tulipokaribia Mollo watu walitoka majumbani, mama zetu na mikono yenye unga, wadogo zetu wakikimbia uchi pembeni ya magurudumu. Bibi alisimama barabarani na ufagio wake.

"Ameshinda nani?" alipaza sauti.

Baba alisimama juu ya mkokoteni unaotembea, akamshika Mzee Shija begani ili asianguke.

"Sisi!" alisema.